Vitabu vya mapishi vimejaa rafuni, jikoni tunarudia vyakula vilevile: tatizo liko wapi?

#1 MwikoMrefu
Habari zenu wanajukwaa. Watu wengi wanaopenda kupika wana vitabu vya mapishi, vingine vya kununua na vingine vya kupewa, na bado mlo wa jioni unazunguka katika vyakula vichache vilevile mpaka mpishi mwenyewe anaingia jikoni bila hamu. Chukueni kitabu chochote cha mapishi kilichokaa nyumbani miaka kadhaa, kisimamisheni mezani kwa mgongo wake, kisha mkiachie. Kitafunguka chenyewe kwenye ukurasa mmoja, wenye doa la mafuta pembeni na unga ulioganda kwenye mshono, na kurasa nyingine zote zitakuwa safi kabisa. Ukurasa ule mmoja ndio tunaoutumia.

Dai langu ni kwamba vitabu hivyo vinatosha kututoa kwenye mazoea, ila tunavifungua kwa wakati usiofaa. Tunavifungua njaa ikiwa imeshaingia, tukitafuta cha kupika sasa hivi, na kwa saa hiyo hakuna ukurasa unaoweza kushindana na chakula ambacho mikono inakijua. Kitabu cha mapishi kinafaa kusomwa na mtu aliyeshiba, siku moja au mbili kabla ya kwenda kununua vitu, akiwa na kalamu mkononi. Mimi huchagua kitabu kimoja kwa mwezi, vingine naviweka mbali na macho, na kila wiki kitabu hicho hutoa angalau chakula kimoja kipya. Wenzangu mnaonaje? Kwa nini vitabu hivi havitumiki, na ni nani aliyefaulu kuvirudisha jikoni?

#2 Karani wa Rafu
Shukrani kwa mada, mkuu. Hoja yako ina mashiko, lakini mimi naiona kuwa sababu ya pili. Sababu ya kwanza ni kwamba kitabu hujibu swali ambalo mpishi wa nyumbani hakuuliza. Yeye haulizi namna ya kupika chakula fulani. Anauliza afanye nini na nusu ya kabichi, mayai machache na dengu zilizobaki kwenye kopo. Kitabu nacho kimepangwa kwa sura za supu, nyama, samaki na vitamutamu, hivyo kabichi yake imetawanyika katika sura nne na hana namna ya kuiona yote kwa pamoja.

Kinachotakiwa kumsaidia ni faharasa iliyo mwishoni, na hapo ndipo vitabu vingi vinapoanguka. Faharasa nzuri huorodhesha kwa mahitaji: ukitafuta kabichi, unapata kila ukurasa wenye kabichi. Faharasa mbovu huorodhesha majina ya vyakula tu, na mengine ni majina ya kubuni yasiyosema kilichomo. Ninachofanya ni kuwa na daftari lenye ukurasa kwa kila kitu ambacho huwa sikosi jikoni, na humo naandika kifupisho cha kitabu na namba ya ukurasa. Si lazima kupitia vitabu vyote. Mtu aanze na vile vitu ambavyo huozea kwenye jokofu kila mara.

#3 Jioni Njema
Nawasoma wote wawili. Mimi naona uchovu wa kuamua. Mtu ametoka kazini, ameamua mambo chungu nzima tangu asubuhi, kisha anasimama mbele ya rafu yenye mapishi maelfu. Lile jaribio la jamu lililochapishwa mwaka 2000 na watafiti Sheena Iyengar na Mark Lepper lilionyesha jambo hili vizuri. Wateja waliowekewa aina 24 za jamu walisimama kwa wingi zaidi kuziangalia, lakini walionunua walikuwa asilimia 3 hivi, ilhali kwa waliowekewa aina 6 walionunua walikaribia asilimia 30. Ndiyo maana utaratibu wa kitabu kimoja kwa mwezi unafanya kazi: umepunguza meza ya jamu.

#4 Mizani
Ndugu Jioni Njema, jaribio hilo limetajwa sawasawa, lakini halikuishia hapo. Mwaka 2010 watafiti walikusanya majaribio 50 ya namna hiyo, na walipoyaweka pamoja, athari ya wastani ya wingi wa chaguo ilikaribia sifuri. Katika mengine wingi ulidhuru, katika mengine ulisaidia. Hatuwezi kulijengea jiko zima juu ya jamu.

Sababu ninayoiona mimi ni vipimo. Mtu hujaribu pishi jipya, linaharibika, na hurudi kwenye lile analolijua, wala hajui kwamba kosa halikuwa lake. Kikombe katika kitabu cha Marekani ni takriban mililita 237, ilhali kikombe cha kimetriki ni mililita 250. Kijiko cha chakula ni mililita 15 karibu kila mahali, isipokuwa Australia ambako ni mililita 20. Painti ya Uingereza ina mililita 568 na ya Marekani 473. Joto la 350 katika kitabu kimoja ni nyuzi za Fahrenheit, yaani kama 177 za Selsiasi, na mwenye oveni ya feni hupaswa kupunguza nyuzi 20 hivi kutoka kwenye namba iliyoandikwa kwa oveni ya kawaida. Halafu kuna unga: kikombe kilichojazwa kwa kumiminia kijiko kwa kijiko kinaweza kuwa na gramu 120, na kilichochotwa moja kwa moja kutoka mfukoni kikapita 140. Kabla ya kupika chochote kutoka kitabu cha zamani, angalia kilichapishwa nchi gani, kisha andika gramu kwa penseli pembeni.

#5 Baba wa Watatu
Salaam. Nimesoma kuhusu faharasa, jamu na mililita, na naona hakuna aliyewataja walaji. Kwangu mpishi hana mazoea yoyote. Wenye mazoea ni wanaokaa mezani. Unapika kitu kipya kwa saa nzima, mtoto mmoja anaisukuma sahani kwa kidole, wa pili anamwiga, na wiki inayofuata unarudi kwenye kile kinacholiwa bila mabishano. Kitabu kinabaki rafuni kwa kuwa hakina sura ya kuwashawishi.

Nililojifunza ni kwamba mtoto mdogo huhitaji kuonjeshwa kitu kipya mara nyingi kabla hajakikubali, na watafiti wa ulaji wa watoto hutaja mara 8 hadi 15. Sisi tunakata tamaa mara ya pili. Kwa hiyo naomba kupinga hoja ya MwikoMrefu ya chakula kipya kila wiki. Nyumbani kwangu pishi moja jipya hurudiwa mwezi mzima, likiwa pembeni ya chakula kinachojulikana, mpaka lizoeleke.

#6 MwikoMrefu
Baba wa Watatu, hoja yako imenigusa, ingawa ukirudia pishi moja jipya kwa mwezi mzima unaweza kuwa umejenga mazoea mengine juu ya yale ya zamani. Walaji wako nao wana haki ya kuchoka. Mizani, swali: wewe huandika kwa penseli ndani ya kitabu chenyewe?

#7 Mizani
Ndani ya kitabu chenyewe, pembeni kabisa mwa mahitaji. Kitabu cha mapishi kisichoandikwa ndani hakijapikiwa.

#8 Karani wa Rafu
Hapo Mizani tutagombana. Karatasi ndogo ya kubandika inatosha, na anayekuja kurithi kitabu atakushukuru.

#9 Bi Kitunguu
Anayerithi kitabu hutafuta kwanza maandishi ya mkono, Karani. Tuendelee.

Mimi nasema vitabu vimeachwa kwa sababu vinasema uongo kuhusu muda, na uongo mkubwa kuliko wote uko kwenye kitunguu. Kitabu kinaandika "kaanga vitunguu kwa dakika 5 hadi 10 mpaka viwe na rangi ya kahawia iliyokolea na utamu". Wekeni saa mbele yenu mjaribu. Dakika za mwanzo kitunguu kinatoa maji, kikaango kinasikika kikichemka badala ya kukaanga, na vipande vinalainika na kung'aa bila kubadilika rangi. Sababu ni kwamba maji yakiwa bado yapo, joto haliwezi kupanda sana juu ya nyuzi 100 za Selsiasi, na ule ukahawia wenye harufu nzuri, ambao mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, huanza kwenda kwa kasi joto linapokaribia nyuzi 140. Maji yakishakauka, mlio unabadilika na kuwa mkavu, rangi ya dhahabu inaanza pembeni, na kwenye sakafu ya kikaango kunajengeka utando wa kahawia ambao unauondoa kwa maji kidogo na mwiko. Ukiongeza moto kuharakisha, ncha zinaungua na katikati panabaki pabichi. Kazi hiyo ni ya dakika 30 hadi 45 kwa moto wa wastani au mdogo.

Sasa fikirini mtu aliyepanga mlo wake kwa kuamini zile dakika kumi. Chakula kitachelewa, walaji watanung'unika, na kitabu kitarudi rafuni. Ushauri wangu: soma pishi mpaka mwisho, jumlisha muda mwenyewe, na uhesabu pia kumenya na kukatakata, kwa sababu vitabu huandika "karoti tatu, zilizokatwa vipande vidogo" kana kwamba zilichimbwa zikiwa hivyo.

#10 Jioni Njema
Bi Kitunguu amenena. Nirudi kidogo kwa Mizani. Uchambuzi wa 2010 naukubali, lakini uchambuzi mwingine uliofuata mwaka 2015 ulionyesha kwamba wingi wa chaguo hudhuru hasa pale uamuzi unapokuwa mgumu na mtu mwenyewe hajui anachokitaka. Mtu aliyechoka na hajui anataka kula nini ndiye yuleyule tunayemzungumzia.

Naongeza na sababu ya kuchoka kwenyewe. Mtafiti Barbara Rolls na wenzake walionyesha mwaka 1981 kwamba raha ya chakula kinacholiwa hushuka haraka kuliko raha ya vyakula ambavyo mtu hajavigusa. Mwili wenyewe unadai mabadiliko.

#11 Mizani
Jaribio hilo lilipima mabadiliko ndani ya mlo mmoja. Linaeleza kwa nini mtu aliyeshiba nyama bado ana nafasi ya kitamutamu, na haliwezi peke yake kueleza mtu kuchoshwa na chakula kilekile kwa miezi. Hoja ya 2015 naipokea.

#12 Mama Utulivu
Jamani, naomba kutofautiana na uzi mzima. Mazoea ya jikoni si ugonjwa. Mtu mwenye vyakula vichache anavyovipika vizuri, kwa haraka, bila kutupa kitu, amefika mahali ambapo wengi wetu tunatamani kufika. Vitabu vya mapishi vina faida zake: vinasomwa kitandani, vinamfundisha mtu namna watu wengine wanavyokula, vinampa hamu. Si kila kitabu cha mapishi lazima kipikiwe, na anayejilazimisha kuleta kitu kipya kila wiki anaweza kuichukia kazi ambayo alikuwa akiifanya kwa amani.

#13 MwikoMrefu
Mama, heshima yako. Kama mpishi ana amani, sina neno. Uzi huu ni wa yule ambaye anafungua jokofu na kulifunga tena bila kuchukua kitu.

#14 Sauti ya Sufuria
Nimefuatilia kimya tangu mwanzo na naona sote tunahesabu vyakula, ilhali kinachorudiwa ni mwanzo wa chakula. Mtu anasema amebadilisha: jana kuku, leo maharagwe, kesho biringani. Lakini kila kimoja kimeanza na mafuta, kitunguu, nyanya, viungo vilevile kwa mpangilio uleule, kikafunikwa na kuiva kwenye mchuzi. Ulimi unakutana na chakula kimoja kilichobadilisha nguo.

Kwa hiyo mimi nasoma kitabu kilichosahauliwa nikitafuta mbinu, na jina la chakula silijali. Mfano ni hiyo kabichi ya Karani. Katika jiko la mazoea inakatwa nyembamba na kuungwa. Lakini ikatwe vipande vinne vinene vyenye kiini chake ili visisambaratike, ipakwe mafuta na chumvi, iwekwe kwenye oveni yenye nyuzi 220 za Selsiasi mpaka kingo ziwe nyeusi kidogo na moyo ulainike, kisha imwagiwe siki au limau ikiwa bado ya moto. Hakuna kilichonunuliwa kipya. Kilichobadilika ni joto kavu badala ya mvuke, na uchachu uliokuja mwishoni badala ya nyanya zilizopikwa tangu mwanzo. Mbinu hiyo ukishaijua, unaihamishia kwenye karoti, koliflawa, hata kitunguu chenyewe. Mbinu tano za namna hiyo zina thamani kuliko mapishi mia moja.

#15 Bi Kitunguu
Naunga mkono kwa asilimia kubwa, ila hoja hii inamfaa aliyekwisha kuzoea jiko. Anayeanza anahitaji pishi lenye hatua zote, apike kama lilivyoandikwa, kisha mbinu aione baadaye.

#16 Kijana wa Chumba Kimoja
Shikamooni wakubwa. Mimi sina oveni, nina jiko la moto mmoja, sufuria na kikaango. Vitabu nilivyoachiwa ni vya zamani sana na nusu yake vinazungumzia kuoka. Je, nianzie wapi, na je, vitabu vya zamani hivyo bado vinaaminika?

#17 Karani wa Rafu
Marahaba kijana. Jungu kuu halikosi ukoko, kwa hiyo usivitupe. Kwanza chukua kitabu kimoja, upite kurasa zote haraka, na uweke alama kwenye mapishi yanayotumia chombo kimoja tu na ambayo hukosi mahitaji yake zaidi ya mawili. Yaliyobaki yaache kabisa. Pia nenda maktaba ukavione vingine kabla ya kununua: zinazotumia mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba huweka vitabu vya upishi kwenye namba 641.5, humo utakuta vilivyojitenga kwa chombo, na vilivyojitenga kwa mahitaji viko jirani, kwenye 641.6. Kitabu cha mada moja, kama cha maharagwe au cha mayai, kinamfaa mwenye jiko dogo kuliko kile kikubwa chenye kila kitu.

Na usishangae ukikuta kitabu cha zamani kinasema "unga wa kutosha". Mpangilio tuliouzoea, wa orodha ya mahitaji kisha maelekezo, ulikuja na Isabella Beeton wa Uingereza mwaka 1861.

#18 Mizani
Eliza Acton alimtangulia. Kitabu chake cha mwaka 1845 tayari kilikuwa na orodha ya mahitaji pamoja na muda wa kupika, ila aliiweka mwishoni mwa maelekezo. Beeton aliipeleka juu, na mapishi mengi ya kitabu chake aliyachukua kwa waliomtangulia, Acton akiwemo. Vipimo vya kijiko na kikombe vilivyosawazishwa juu vilienea zaidi kupitia Fannie Farmer wa Boston, mwaka 1896. Kitabu kilichoandikwa kabla ya hapo kisomwe kama mazungumzo ya mpishi na mpishi.

#19 Karani wa Rafu
Shukrani kwa Acton. Hata hivyo kilichofuatwa na wengi ni mpangilio wa Beeton.

#20 Mhudumu wa Afya ya Jamii
Kijana ameuliza kuhusu kuaminika, na jibu la usalama bado halijatolewa. Ladha ya zamani haina shida, lakini maelekezo manne yasifuatwe bila kuhakikishwa.

La kwanza ni kuhifadhi mboga kwenye chupa za kioo. Vitabu vingi vya zamani vinaagiza kuzichemsha tu. Mboga zisizo na uchachu zinaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulismu, yaani sumu kali ya chakula, ambazo haziuawi na maji yanayochemka kwa nyuzi 100. Zinahitaji sufuria ya presha inayofikisha joto kati ya nyuzi 116 na 121. La pili ni maharagwe mekundu, ambayo yana sumu ya asili. Yalowekwe kwa saa tano au zaidi, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu katika maji mapya. Dakika 10 ndicho kiwango cha chini kinachotajwa, na baadhi ya mamlaka hushauri 30. Sufuria ya umeme ya kupika polepole huenda isifikie joto hilo, kwa hiyo yachemshwe kwanza jikoni. La tatu ni kuosha kuku mbichi, ambako hurusha bakteria kwenye sinki na vyombo. Kinachowaua ni joto, na kuku huwa salama sehemu yake nene ikifika nyuzi 74. La nne ni michuzi ya mayai mabichi, ambayo wajawazito, wazee na watoto wadogo waiepuke, isipokuwa pale ambapo mayai yametibiwa au yamethibitishwa kuwa salama.

#21 Kijana wa Chumba Kimoja
Nawashukuru sana. Dengu nazo zina masharti hayo ya maharagwe mekundu?

#22 Bi Kitunguu
Dengu ndogo hazihitaji kulowekwa. Zichague, zioshe, zichemshe mpaka ziive. Kwa chumba chako ndizo za kuanzia, kwa kuwa kitabu chochote cha maana kitakuwa na njia tatu za kuzipika. Fanya ya kwanza kama ilivyoandikwa.

#23 Sauti ya Sufuria
Na ya pili abadilishe kitu kimoja.

#24 Mizani
Abadilishe kwenye dengu, ndiyo. Siku atakapopata oveni, kwenye keki asiguse kiasi cha unga, mafuta wala sukari mpaka ajue kila kimoja kinafanya kazi gani. Supu inavumilia mkono wa mpishi. Keki inavumilia kidogo sana.

#25 Baba wa Watatu
Naleta mrejesho mdogo. Baada ya kusoma ushauri wa Karani kuhusu alama, nimewapa watoto kitabu kimoja na karatasi za kubandika, kila mmoja achague ukurasa wake. Wawili wamechagua kwa picha. Wa tatu, yule anayesukuma sahani, amechagua pishi lisilo na picha kwa sababu lina hatua ya kugonga viungo kwenye kinu na anataka kugonga yeye. Sijui litaliwa au halitaliwa, na bado naamini walaji ndio kikwazo kikuu. Swali langu kwa Sauti ya Sufuria: pishi hilo linataka viungo vikaangwe vikavu kwanza kabla ya kusagwa. Je, vyote vinawekwa kwa pamoja?

#26 Sauti ya Sufuria
Hapana. Mbegu nzima kama za giligilani zitangulie, bizari nyembamba zifuate kwa kuwa ni ndogo na huungua upesi, na chochote kilichokwisha kusagwa kiingie moto ukiwa umezimwa. Tikisa kikaango muda wote. Harufu ikipanda, mimina kwenye sahani baridi papo hapo, kwa sababu kikaango kinaendelea kuchoma hata kikiondolewa jikoni. Viache vipoe kabisa ndipo umpe mtoto mchi.